Mke wa Betri

Karakana ya Pazia, fundi wa kushona mapazia, haikuwa na kengele. Mteja akifika alibonyeza kitufe mlangoni, na taa ndogo ya buluu kando ya cherehani ikawaka kimya kimya kumwambia mwenye kazi kwamba ana mgeni. Wateja wote walijua hivyo. Aliyeifunga taa hiyo kwa mikono yake mwenyewe ni Mtaalamu, mchumba wa Pazia, kwa hiyo asubuhi ile alipousukuma mlango na kuingia moja kwa moja, Pazia alishtuka hadi mkasi ukaacha mstari wa chaki na kula kitambaa.

"Umenikatisha pazia la watu," alisema.

"Samahani."

Hakumwita mpenzi, wala hakuleta utani wake wa kila siku. Alisimama katikati ya marobota ya vitambaa, mikono inaning'inia, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Kuna nini, Mtaalamu?"

"Mama amesema harusi hakuna."

Pazia aliuweka mkasi mezani taratibu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye vidole vyepesi na subira ya kushona pindo la pazia la ukumbi mzima bila kuinua kichwa. Lakini kwa maneno yale alitafuta kiti.

"Hakuna kwa sababu gani? Jana tulikula vizuri. Nilicheka. Nilitoa vyombo. Nilikaa na ukoo wako wote mpaka mwisho!"

Na hilo la kukaa mpaka mwisho ndilo lililomfanya arudi nyumbani jana akijipongeza njia nzima. Watu wengine wana bawabu masikioni, wa kuamua kelele gani iingie na gani ingoje nje. Bawabu wa Pazia alizaliwa yuko likizo. Kijiko kwenye sahani, feni, mtoto anayelia nyumba ya tatu, taa nyeupe ya darini, lebo ya nguo shingoni, vyote vilimwingia kwa pamoja, kila kimoja kikidai kusikilizwa kwanza, mpaka kichwa kikajaa na yeye akatafuta chumba chenye giza. Tangu utotoni alikuwa akitoroka sherehe. Aliitwa mwenye maringo, akaitwa mwenye mashetani, akazoea.

Ndipo siku moja alipokwenda kliniki ya masikio. Wengine huenda pale kwa sababu hawasikii. Yeye alimwambia fundi wa vifaa vya kusikia, "Mimi nasikia mno. Nipunguzie." Yule kijana alitaka kucheka, akamtazama, akaacha. Bila kuuliza neno alinyoosha mkono akazima taa ya darini na feni, akaenda kufunga dirisha. Pazia alimpenda kabla hajarudi kwenye kiti chake, na hakuona haya kukiri hivyo.

Kijana huyo ndiye Mtaalamu, na ndiye aliyemtafutia hedifoni zinazopunguza makelele na kumwachia sauti ya mtu aliye karibu. Akamtafutia na saa ya mkononi inayotetemeka moyo ukianza kwenda mbio, imkumbushe kutoka nje kidogo kabla hajazidiwa. Kwa vitu hivyo viwili Pazia aliweza kwenda sokoni, benki, hata hospitali kumwona mgonjwa. Na jana akaweza kukaa meza moja na wakwe.

"Niambie nilichokosea," alisema sasa.

Mtaalamu aliketi juu ya robota. "Baada ya chakula mama alisimama. Alisimama nyuma ya kiti chako, akaanza kutoa hotuba. Hotuba juu yako wewe. Alipofika katikati ukainuka, ukakusanya sahani, ukaenda zako jikoni. Mama akabaki mdomo wazi mbele ya mashangazi na wajomba. Unamjua mama. Amekuwa mwalimu mkuu maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kumpa kisogo akizungumza."

"Nilidhani mnatazama televisheni." Sauti ya Pazia ilikuwa ndogo. "Ilikuwa nyuma yangu. Niliona mmenyamaza wote mnatazama huko, nikajua kuna taarifa ya habari. Saa ikatetemeka, nikaona hapo ndipo pa kuinuka bila kumkera mtu."

"Najua."

"Hapana, ngoja kwanza." Pazia alikunja uso. "Hedifoni zangu hazizuii mtu. Mtu akizungumza nyuma yangu namsikia, na mama yako ana sauti ya kuita gwaride. Nikose vipi hotuba nzima?"

Mtaalamu alianza kuokota uzi kwenye suruali yake, uzi ambao haukuwepo.

"Mtaalamu."

"Jana asubuhi ulipoziacha kwangu zichajiwe pamoja na simu yako... niliingia kwenye ile programu inayoziongoza. Kuna mahali pa kuchagua sauti za kupita. Nikafunga zote, nikaacha moja."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mashine ya kupigia pasi ilipumua mvuke kwenye kona. Pazia aliukumbuka ule mchana upya. Alikumbuka midomo ya wajomba ikichezacheza, na yeye akajibu kwa tabasamu akidhani wanasalimiana wao kwa wao. Shangazi mmoja alimwinamia akasema jambo refu, na yeye akatikisa kichwa tu, kwa heshima, kama bubu aliyefundishwa adabu. Uso ulimwaka moto.

"Nilikuwa nakulinda," Mtaalamu aliharakisha kusema. "Huwajui. Tangu juzi wanakusema jikoni. Nilisema afadhali usisikie, ule kwa amani, urudi nyumbani."

"Wanasema nini?"

"Ya nini kuyarudia?"

"Wanasema nini?"

Alijikuna shingo. "Shangazi aliuliza, 'Tunaoa mke au tunanunua redio?' Akasema mke gani wa betri, chaji ikiisha usiku itakuwaje."

Pazia alimtazama. Halafu, bila kutegemea, alicheka, cheko la kweli lililomtoka tumboni.

"Unacheka?"

"Si utani mzuri huo? Ningemjibu. Ningemwambia chaji ikiisha angalau nitanyamaza, yeye je? Watu wangecheka, naye angecheka, tungekuwa tumeanza kuzoeana." Cheko likakatika. "Lakini sikumjibu, kwa sababu uliamua sina la kujibu. Siku ile ya kwanza ulizima taa bila kuniuliza, nikakupenda kwa hilo. Jana umenizimia watu."

"Pazia, mimi nakupenda."

"Najua unanipenda! Ungekuwa hunipendi ningekutoa hapa kwa ufagio na mambo yangeisha." Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kiganja kwa hasira. "Nimehangaika miaka mingi nitoke chumbani, Mtaalamu. Ukanipa ufunguo. Halafu ukanifungia tena, safari hii nikiwa nimekaa mezani na watu wananiona."

Alitamani kumpiga, na alitamani kukilaza kichwa chake kifuani pake, vyote kwa wakati mmoja. Hakufanya hata kimoja. Alisimama, akachomoa plagi ya pasi, akachukua mkoba.

"Mama alisema nini kwenye hiyo hotuba?"

"Alikuwa anasema kwamba..."

"Hapana. Nyamaza." Aliinua mkono. "Umenichagulia ya kusikia vya kutosha. Nakwenda kuyasikia kwake."

"Hatakupokea! Amesema hataki kuyaona hayo madude kwenye mlango wake. Ukitaka kuingia uyavue kwanza. Nitakupeleka, nitaeleza mimi, niachie mimi..."

"Nimekuachia mno."

Alivaa miwani yake ya vioo vya rangi ya chai, akavaa hedifoni. Kabla ya kutoka aliifungua ile programu na kufungua kila sauti iliyofungwa, mbele ya macho ya Mtaalamu. Akampita. Liwalo na liwe.

Nje jua lilikuwa linawaka juu ya mabati. Mchomelea vyuma alikuwa kazini, na lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma likipiga mlio wake. Hedifoni zilivisukuma vyote hivyo mbali, vikawa kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Muuza matunda alisema, "Fundi, leo unakwenda kasi, kuna nini?" na alimsikia vizuri, akamjibu, "Nakwenda kuposa." Yule mama akabaki anacheka peke yake.

Nyumbani kwa Mwalimu, mama yake Mtaalamu, mlango ulikuwa wazi. Televisheni ilikuwa inasoma habari, feni inazunguka kwa mlio wa chuma, na Mwalimu mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, akikunja nguo zilizoanuliwa. Alikuwa mama mnene, mweupe wa nywele, ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Vua hayo, ndipo tuzungumze."

"Sitayavua, mama. Nimekuja kukusikia."

Shati lilisimama hewani. "Mtu huziba masikio akaja kusikia?"

"Ndiyo maana nimekuja kueleza."

Njiani alikuwa amefikiria uongo. Ulikuwepo mmoja, mdogo na safi: betri ziliisha. Kesi ingekufa hapohapo, Mtaalamu angepona, na Mwalimu angetikisa kichwa juu ya mitambo ya siku hizi. Lakini Pazia aliona kwamba nyumba ikianza na uongo huo, ataulipia kila siku ya ndoa. Akasimama katikati ya sebule na kueleza yote kama yalivyokuwa. Alieleza ya saa, ya televisheni, kisha ya Mtaalamu na sauti alizozifunga.

"Kwa hiyo unamtupia mwanangu lawama."

"Sijamtupia ambayo si yake."

"Kijana akuhangaikie vile, halafu uje kumshtaki kwa mama yake!"

"Sikuja kumshtaki. Nimekuja kwa sababu mtu mzima alisimama kwa ajili yangu na mimi nikainuka. Hilo limeniuma. Nisingeeleza yote ningekuwa nimeomba radhi nusu, na radhi ya nusu si radhi."

Mwalimu aliliweka shati magotini. Kitu kingine kilikuwa kinamfikia polepole, na Pazia aliona kikimfika usoni.

"Umesema alifunga sauti zote."

"Zote, mama. Isipokuwa yake."

"Na yangu?"

Pazia alitamani arudishe maneno nyuma, lakini maji yakimwagika hayazoleki. "Na yako, mama."

"Kwa hiyo nilikuwa fungu moja na yule shangazi yake asiye na breki." Mwalimu alicheka bila furaha, na macho yake yakalowa. "Mwezi mzima alinisumbua. Mama mkubali, mama mjue kwanza. Nikakataa. Nikasema sitaki mkwe ambaye nikiumwa usiku nikamwita hatanisikia. Akaniomba, akaniomba, nikalainika. Nikasimama mbele ya ukoo kusema nimekubali. Kumbe alikwisha kunifunga mdomo kabla sijaufungua. Aliogopa nitasema nini, mimi mama yake?"

Pazia alivuta kigoda akaketi karibu, akachukua nguo moja kwenye rundo na kuanza kukunja. Ilikuwa foronya ya zamani yenye mshono uliofumuka, na vidole vya Pazia viliupapasa mshono ule vyenyewe.

"Hilo swali lako la usiku, mama, ni la haki," alisema hatimaye. "Usiku nalala bila hedifoni. Nyumba ikiwa kimya nasikia panya akifikiria. Ukikohoa tu nitakuwa mlangoni."

Mwalimu aligeuka kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Lakini mchana, na watu, na siku ya harusi, nitavaa. Sitaki kukudanganya leo nikakuaibisha kesho. Mkwe asiyevaa hizi utakaa naye mpaka chai ichemke, kisha atakwenda kulala gizani na kichwa chake. Anayevaa utaishi naye. Chagua mwenyewe, mama, nitaheshimu."

"Watu watasema."

"Watasema. Na nitawasikia, kwa sababu nitawaacha wazi wote."

"Hata shangazi yake?"

"Huyo nitaamua siku hiyohiyo."

Mwalimu alijizuia, akashindwa, bega likaanza kutikisika, na cheko lake likajaa sebule mpaka Pazia akafumba macho. Yule mama akaliona hilo. Akanyamaza. Akainuka kwa shida ya magoti yake, akazima televisheni, kisha akaenda ukutani akazima feni. Jasho lilimtoka mara moja, hakujali. Aliporudi alivuta kiti mbele ya Pazia na kuitafuta sauti ya chini, sauti ambayo koo lake lilikuwa halijaizoea, ikakwaruza mwanzoni.

"Hotuba ya jana siwezi kuirudia. Mengi yalikuwa mapambo ya kuwafurahisha mashangazi. Lakini ndani yake kulikuwa na neno moja, nalo ni hili. Nimelea wavulana watupu. Nimefundisha mabinti wa watu maisha yangu yote, jioni wakawa wanarudi kwao. Nilisema nimefurahi mmoja atabaki. Basi. Hapo ndipo ulipobeba sahani."

Pazia alilia waziwazi, hakuinamisha uso.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na harusi sasa siizuii tena mimi."

"Asante, mama." Alijifuta kwa ile foronya, akaikunja upya. "Lakini mimi nami bado sijaamua."

Mwalimu aliinua nyusi, akatazama nyuma ya Pazia, mlangoni. Mtaalamu alikuwa pale, ameegemea nguzo ya baraza, viatu mkononi. Haikujulikana amesimama muda gani, lakini uso wake ulionyesha amesikia ya kutosha.

"Pita," mama yake alisema, bado kwa ile sauti ngeni. "Una kesi mbili humu ndani. Yangu itangoja, mimi nimekuzaa. Anza na ya mwenzako."

Alipita, akasimama mbele ya Pazia kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Nimekosa," alisema. "Sina maelezo. Nilikuwa nayo mengi njiani, yote ni ya kujitetea."

"Sitaki maelezo. Nataka kujua utaishije na mimi." Pazia alizungumza polepole, kila neno alilipima kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata. "Mimi kuna siku nitaweza watu mia, na kuna siku sitaweza hata wewe. Hutajua ni siku gani kwa kunitazama. Utataka kunisaidia, na kwa vile unanipenda utataka haraka. Mimi sitaki haraka. Nataka uniulize, na nikikujibu, uheshimu jibu hata kama si ulilolitaka."

"Nitakuuliza."

"Hata jambo dogo."

"Hata dogo."

Kisha Mtaalamu, mbele ya mama yake, jambo ambalo mwanamume yule hakuwahi kulifanya, alinyoosha mkono wake wa kulia na kuusimamisha hewani, haufiki kwake.

"Naomba nikushike mkono."

Pazia aliutazama mkono ule. Aliupenda, alijua kila alama yake, na moyo wake wote ulitaka kuukimbilia. Lakini jua la njiani lilikuwa bado liko mwilini, na machozi, na maneno mengi ya siku moja. Ngozi yake ilikuwa imeshiba, na mguso mmoja zaidi ungemuumiza. Siku zote angetoa mkono tu, auvumilie, akatabasamu ili mtu asiumie. Alivuta pumzi.

"Leo hapana," alisema. "Sitaki kuguswa leo."

Mwalimu alijikunyata kwenye kiti, akatazama nguo zake.

Mtaalamu aliurudisha mkono. Hakununa, hakuuliza kwa nini, wala hakulazimisha tabasamu la mtu aliyekataliwa mbele ya mzazi. "Sawa," alisema tu. Akavuta kiti kingine, akakiweka mbali kidogo, akaketi na kuchukua nguo kwenye rundo, soksi moja isiyo na mwenzake, na kuanza kumtafuta mwenzake kwa makini kama kazi ya mshahara.

Pazia alimtazama akitafuta. Akajua, bila shaka hata chembe, kwamba na huyu ataweza kuishi.

"Mama," alisema, "waambie mashangazi waanze kushona nguo za harusi."